Waya Ulioshika Tone la Mafuta

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wafanyakazi wa chuo cha ufundi, wanafunzi wa zamani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imenipa mimi, kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nimeipokea kwa uzito, kwa sababu kwa mpangilio wa umri ilikuwa zamu yake kunisomea mimi, na tulikwisha kutaniana mara nyingi kwamba siku hiyo watu wa nyuma hawatasikia kitu, maana sauti yake ilizoea chumba kidogo. Nitasoma polepole, na pale nitakaponyamaza mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 1944, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya injini za mvuke, akiwa mtoto wa mwisho wa baba yetu, aliyekuwa mchochea tanuri katika karakana hiyo, na mama yetu, aliyekuwa mkunga wa mtaa. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba shangazi yetu alisema huyu si mtoto, huyu ni salamu tu iliyoletwa, na mama akamjibu kwamba salamu nyingine hukaa zaidi kuliko wageni. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kuuliza swali moja kwa juma zima, na swali la kwanza ninalolikumbuka aliliuliza akiwa na miaka sita, siku tulipompelekea baba chakula karakanani tukakuta mafuta yaliyovuja kwenye bomba la moto yamewaka yenyewe, wafanyakazi wanayamwagia mchanga, naye akataka kujua nani ameyawasha. Baba alimwambia hakuna aliyewasha. Tuliporudi nyumbani, pale mlangoni, alinieleza kwa siri kwamba baba anamficha mtu.

Alianza shule ya msingi ya serikali mwezi Januari 1952, katika jengo la matofali lililokuwa mkabala na ghala la pamba, ambako mimi nilikuwa nimemtangulia, na ambako mwalimu mkuu alitupiga rula vidoleni kwa doa la wino, jambo lililonifanya mimi niwe karani na yeye awe mtu wa kuyapenda matone. Mwaka 1959 alichaguliwa kuingia shule ya ufundi ya bweni, akamaliza mwaka 1963 akiwa wa kwanza katika fani ya mitambo, na mwezi Septemba 1965 alipelekwa ng'ambo kusomea uhandisi wa injini za dizeli, akakaa huko miaka mitatu. Aliporudi, Agosti 1968, sanduku lake lilikuwa na makoti mawili, vitabu, na roli ndogo ya waya mwembamba wa madini ya thamani, aliopewa na mwalimu wake wa huko siku ya kuagana. Waya huo aliufunga katika kitambaa cha pamba, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kuugusa. Nautaja mapema kwa sababu nitalazimika kuurudia.

Tarehe 1 Oktoba 1968 aliajiriwa na chuo cha ufundi, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, chenye dirisha moja na sakafu ya saruji iliyopasuka, na humo alifanya kazi kwa karibu miaka thelathini na minane. Kwa wale msiokuwa wa chuo, naomba nieleze kazi hiyo kama alivyonieleza mimi, karani wa mahakama, ambaye sikujua mafuta zaidi ya yale ya taa. Injini ya dizeli haina kitu cha kutoa cheche, hewa hubanwa ndani yake mpaka iwe ya moto mno, kisha mafuta hupulizwa humo kama manyunyu, na kila tone la manyunyu hayo hujiwashia lenyewe. Mdogo wangu alitaka kujua tone moja linangoja muda gani kabla ya kuwaka, katika hewa yenye joto gani, kwa mafuta ya aina gani, kwa sababu mafundi wa injini walihitaji kulijua hilo na hakuna aliyekuwa amewapimia mafuta wanayoyatumia wao.

Alitundika tone kwenye ncha ya ule waya, kisha akasukuma juu yake tanuri dogo la mrija, lililokuwa limezungushiwa nyaya za umeme na kukaa juu ya reli mbili, halafu akatazama kupitia tundu, saa mkononi. Tone likiingia kwenye hewa ya moto haliwaki papo hapo. Kwanza hunywa joto, kisha ngozi yake huanza kutoa mvuke, mvuke huo huchanganyika na hewa iliyolizunguka, na mchanganyiko ukifikia kiasi chake ndipo moto unapotokea, wala hautokei juu ya tone lenyewe bali mbali nalo kidogo, ukilizunguka kama ganda linavyozunguka kiini cha yai. Alipenda kusisitiza kwamba mafuta hayaungui, kinachoungua ni mvuke wake, na kwamba tone likiwa dogo kupita kiasi, na hewa haijapata moto wa kutosha, huisha lote kwa kugeuka mvuke bila kuwaka kamwe, na mtu akifungua tanuri hukuta hakuna kitu.

Wageni wa chuo aliwafanyia mchezo mmoja, akiwapa njiti ya kiberiti inayowaka waitumbukize kwenye kikombe cha dizeli baridi, nayo ikazimika kama imetiwa majini, kisha akachukua tone la dizeli ileile na kuliingiza katika mrija usio na moto wala cheche, likawaka, na mara kwa mara mgeni mmoja alizunguka nyuma ya tanuri kumtafuta aliyewasha. Alipokuwa akisubiri tone liwake, alihesabu kimoyomoyo huku midomo ikisema bado, bado, bado, na wanafunzi wakamwita Bwana Bado, jina ambalo alijifanya halijui mpaka alipolikuta limechorwa vumbini kwenye kioo cha gari lake, akachukua kidole na kulirekebisha herufi moja iliyokaa vibaya.

Tarehe 4 Desemba 1971 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo aliyekuwa na cherehani katika baraza la duka la vitambaa, karibu na chuo, ambaye yuko hapa mbele yetu, na ambaye kwa miaka yote hiyo aliwaambia mashoga zake kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni tanuri, tena mke mwenza mwenyewe hanuni wala hazeeki. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1973, na wana wa kiume wawili, wa mwaka 1976 na wa mwaka 1980, ambao mmoja ni fundi umeme na mwingine ni mwalimu wa hesabu. Wana walimfuata baba yao kwa sura, lakini aliyemfuata kwa akili alikuwa binti, aliyeanza kukaa kwenye kigoda cha maabara kabla hajafika kimo cha meza, akasoma chuoni hapohapo, akaenda chuo kikuu, na mwezi Julai 1994 akarudi kuwa mwalimu msaidizi katika chumba cha baba yake. Nilipata kuwakuta humo saa za mchana, wamekaa mgongo kwa mgongo, hawazungumzi, kila mmoja na chai yake iliyopoa, na nikadhani nimeona watu wawili wenye bahati kuliko wote mjini.

Mwaka 1996 binti alianza kuwa na shaka na waya. Kufikia wakati huo takwimu za marehemu zilikuwa zimechapwa katika jedwali kubwa lililotundikwa ukutani, na karakana nyingi zilikuwa na nakala yake. Binti alimweleza baba yake, kwanza kwa staha, wakiwa wawili tu, kwamba waya ni metali kama metali nyingine, kwamba ukiwa ndani ya tanuri hushika joto na kulipenyeza katika tone kwa ndani, kwa hiyo tone haliwaki kwa hewa peke yake, linasaidiwa, na muda wote ulioandikwa katika jedwali ni mfupi kuliko ukweli. Alikwisha kuvuta uzi wa kioo kwa mikono yake, mwembamba kuliko unywele, kwa kuwa kioo hakipitishi joto kama waya, akatundikia tone, na tone lilichelewa. Baba alisema atalitazama hilo. Hakulitazama, kwa kuwa waya ule kwake haukuwa kifaa tu, ulikuwa mkono wa mwalimu wake, na mtu hapimi mkono wa mwalimu wake.

Siku ya Jumatano, tarehe 16 Oktoba 1996, chuo kilipokea wakaguzi kutoka nje, maabara ikajaa walimu na wanafunzi mpaka mlangoni, na mkaguzi mmoja alipouliza kama kuna jambo lolote katika kipimo hiki ambalo lina mashaka, binti, ambaye hakufundishwa kudanganya katika nyumba ile, alisema lipo, akaeleza kwa mfano ambao kila mtu aliuelewa, kwamba kijiko cha chuma kikiachwa katika chungu mpini wake huunguza mkono, na waya nao ni kijiko. Marehemu, ambaye sikupata kumsikia akimdhalilisha mtu kabla ya hapo wala baada yake, alimgeukia na kumwambia mbele ya wote, "Mama, kama unajua vijiko, rudi jikoni ukavipime." Chumba kizima kikacheka. Wapo waliocheka kwa kuona ni mzaha wa baba na mwana, wapo waliocheka kwa kuwa wenzao walicheka, na mkaguzi naye akatabasamu akaendelea na swali jingine.

Binti alimaliza kazi ya siku ile, akafuta meza, akaning'iniza koti la maabara kwenye msumari wake, na mwisho wa mwezi akaomba kuacha kazi. Alipata nafasi katika kiwanda cha chupa kilichokuwa mji mwingine, akawa msimamizi wa matanuri ya kuyeyushia kioo, akaolewa huko, akazaa. Napenda ieleweke kwamba hakukata undugu. Alikuja kila likizo, alimsalimia baba yake shikamoo kwa mikono miwili, alimletea wajukuu wakampanda magotini, alimuuliza habari za mguu na habari za usingizi. Lakini habari za kazi hakumwuliza, wala zake hakumsimulia, na alipopita chuoni kumchukua baba yake alimsubiri getini, akipiga soga na mlinzi. Mama yao alikuwa akisema kwamba nyumba ina adabu mpaka inatisha.

Mwezi Machi 2004 waya ule ulikatika, ukiwa umechakaa kwa kuungua, na ule ulioagizwa badala yake ukaja mwembamba zaidi. Takwimu zikakataa kulingana na za zamani, matone yakawa yanachelewa. Marehemu alilaumu tanuri, akalifungua na kulifunga, akalaumu umeme, kisha akamlaumu mtunza stoo, kwamba anatia maji au mafuta ya taa katika dizeli ya maabara, na mtunza stoo, ambaye tunaye hapa, alimjibu, "Mzee, mimi hata chai naogopa kuichanganya na maziwa, itakuwa dizeli yako?" Baada ya miezi kadhaa ya kulaumu kila kitu kilichokuwa chumbani isipokuwa kile kimoja, alivuta uzi wa kioo, akashindwa kwa kuwa mikono ilikwisha kuzeeka, akavuta tena, akatundika tone. Lilichelewa kwa kiasi kilekile alichokisema binti yake miaka minane kabla.

Alifanya alichoona ni haki. Aliliteremsha jedwali ukutani kwa mkono wake, akarudia vipimo vyote kuanzia mwanzo, akatangaza katika mkutano wa walimu kwamba takwimu zake zina kosa, na akapeleka masahihisho katika kila karakana iliyokuwa na nakala. Watu walimsifu kwa uungwana huo, na alistahili kusifiwa, kwa kuwa si kila mtu hubomoa nyumba aliyoijenga ujana wake wote. Lakini katika masahihisho hayo, na katika mkutano huo, hakusema kosa lilionwa kwanza na nani. Nilipomwuliza kama amemwambia binti, alinijibu kwamba masahihisho yametolewa, naye atayaona. Mtu aliyejua kwa hakika tone hungoja muda gani hakujua kwamba masahihisho ya dizeli hayafiki kiwanda cha chupa. Binti alizipata habari hizo kwa mtunza stoo, katika harusi moja, wakiwa wamesimama kwenye foleni ya chakula, na inasemekana alisema, "Nimefurahi kwa ajili ya mafuta."

Nisimwonee ndugu yangu. Hakuwa amepuuza. Aliamini kwamba neno lililosemwa mbele ya watu lazima lifutwe mbele ya watu, wala halifutwi kwa kunong'onezana sebuleni, na kwa imani hiyo alichagua siku ya kuagwa kwake alipostaafu, Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, katika ukumbi wa chuo, akampelekea binti nauli na kumsihi asikose. Basi la binti liliharibika njiani. Marehemu alimzuia mshereheshaji mara tatu, akasema bado, na mwishoni, wageni walipoanza kutazama saa, alisimama akawashukuru madereva, wafagiaji, mtunza stoo na mkuu wa chuo, akaketi. Binti aliingia viti vikikusanywa. Alimkuta mama yake anahangaika na vyombo, akakunja mikono ya gauni, akaanza kubeba sahani kupeleka jikoni, na baba yake alipogeuka akamwona hivyo, na rundo la sahani kifuani, neno likamkwama. Aliniambia baadaye kwamba angeweza kulisema hata pale, kwamba walikuwapo watu wa kutosha, na kwamba siku ile alijiona yeye ndiye aliyempeleka jikoni.

Tangu siku hiyo ilikuwa atasema sikukuu ijayo, kisha atasema mjukuu akihitimu, kisha atasema watakapokusanyika watu wa chuo kwa jambo fulani, na watu wa chuo walistaafu mmoja mmoja, wakahama, wakafa. Haraka haraka haina baraka, ndivyo tulivyofundishwa sote wawili tangu utoto, na hakuna aliyetufundisha baraka ya kuchelewa ni ipi.

Mwezi Novemba 2018 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa hospitali kuu, wodi ya ghorofa ya pili, akatoka, akalazwa tena tarehe 11 Februari 2019. Binti aliomba likizo kiwandani akaja kumwuguza, akawa anamgeuza, anamnywesha, anamnyoa ndevu kwa mkono usiotetemeka. Siku moja ya mwezi Machi, mchana, mimi nikiwa nimekaa upande wa dirisha, marehemu alimshika kiwiko akaanza kusema, "Mama, lile jambo la waya..." Kikohozi kikamkamata. Muuguzi alikwisha kutuonya kwamba kila neno linamla pumzi, na binti akamfuta kinywa, akamlaza vizuri, akamwambia, "Pumzika kwanza, Baba. Ukipata nafuu tutaongea." Alisema kwa huruma, na ni neno ambalo mtoto yeyote mwema angelisema. Namwomba mbele yenu asijilaumu kwa neno hilo, kwa kuwa najua analikumbuka.

Nafuu haikuja. Siku ya Alhamisi, tarehe 28 Machi, binti akiwa ameteremka kuchukua dawa, marehemu aliniita nikainama, akaniambia, kwa kukatakata, maneno haya ninayoyasoma kama yalivyo, "Nisipowahi, useme wewe. Usinong'one. Wawepo watu wa chuo. Aliyeona kosa ni yeye, na aliyekosea ni mimi, na kule nilikomtuma hakukuwa mahali pake." Baada ya hapo hakuzungumza tena maneno ya maana. Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 7 Aprili 2019, asubuhi, mkewe na watoto wake watatu wakiwa kando ya kitanda, akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka sabini na mitano. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Kwa hiyo, kwa agizo lake, natamka mbele ya watu wa chuo na mbele ya wote kwamba binti pekee wa marehemu, aliyekuwa mwalimu msaidizi katika chuo cha ufundi kuanzia Julai 1994 hadi Oktoba 1996, ndiye aliyegundua kwamba waya ulikuwa ukilipasha tone joto, kwamba alilisema hilo kwa ushahidi na kwa heshima, na kwamba takwimu sahihi zinazotumika leo katika karakana zina msingi wake katika uzi wa kioo alioutengeneza yeye. Wale mliokuwapo siku ile mkacheka, nami nikitazama nawaona baadhi yenu, hamlaumiwi, marehemu hakuwalaumu, mnaombwa tu mlisikie neno hili kwa masikio yaleyale. Wewe mwanangu, lilikuwa lako tangu mwanzo, na limekufikia kwa sauti isiyo yake. Tusamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya pili kwa uangalifu wao, majirani waliopokezana kupika na kulaza wageni wetu, uongozi wa chuo kwa gari na kwa jeneza, mtunza stoo aliyekuja hospitali kila Jumamosi akiwa na hadithi mpya ya kumchekesha mgonjwa, na uongozi wa kiwanda cha chupa uliomruhusu binti yetu kukaa na baba yake mpaka mwisho. Kama kuna mtu ana dai lolote kwa marehemu, aje kwangu. La kwake mwenyewe, alilolibeba miaka ishirini na miwili na ushee, nimelitua hapa.

Mdogo wangu, nimesema, na wamesikia. Sasa pumzika kwa amani.